Maji Yaliyoishia Kwenye Matete

Tomaso Likwawa hakutaka kiti. Alikaa sakafuni katika chumba cha mahojiano, mgongo ukutani, macho kwenye vidole vya miguu yake, na Inspekta Romana Chitanda akaona bora kiti hicho akikalie yeye. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alitoka Lindi alfajiri, gari likawazimikia karibu na Nangurukuru, na tangu afike Kilwa Masoko tumboni hakukuwa na kitu zaidi ya chai ya rangi.

"Tuanze upya, Tomaso," alisema. "Maelezo yako nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia."

"Nimeshawaambia wenzako, afande."

"Hao uliwaambia. Mimi bado."

Tomaso alikuwa mwendesha malango wa bwawa la Namkuru, kule milimani. Siku za kazi, kabla ya adhuhuri, alipiga king'ora kisha akaachia maji, na mto uliokuwa umelala kwenye vidimbwi ukaamka. Juzi maji hayo yalimkuta Severini Mbonde mtoni. Jioni watu wa kivukoni wakauopoa mwili wake. Severini ndiye aliyekuwa nahodha wa boti za mpira katika kampuni changa iliyotaka kuwateremsha wageni kwenye maji ya kasi ya Namkuru, na kifo kilimkuta akiandaa safari ya kwanza. Mwenye kampuni, Dominick Makota, aliandikisha kwamba maji yalikuja kabla ya wakati wake na king'ora hakikulia. Kijiji kizima kiliamini hivyo. Nyumba ya Tomaso ilipigwa mawe, na askari waliokwenda kumkamata ndio hao hao waliomwokoa.

"King'ora kililia," Tomaso alisema. "Nilikipiga kama kawaida. Nikangoja kama kawaida. Nikafungua."

"Siku moja kabla, Severini alikuja kwenye kibanda chako. Mlinzi aliwasikia mkigombana. Severini alisema, 'Wewe utaua watu.' Hilo halimo kwenye maelezo yako."

Tomaso alivuta miguu akaikumbatia.

"Alimaanisha nini?"

"Ni maneno ya hasira tu."

"Hasira ya nini?"

Tomaso aliweka kidevu juu ya magoti. Romana alimpa muda wa kutosha. Alikuwa amekaa na watu wengi walionyamaza, na alijua kwamba kuna kunyamaza kwa mwenye hatia na kuna kunyamaza kwa aliyekatazwa kusema. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi hakuwa na hakika yuko mbele ya kupi. Alinyanyuka akaegemea meza mpaka goti likubali.

"Ukikumbuka, mwambie askari wa zamu anipigie," alisema.

Nje, Sajenti Mudathiri alikuwa ameegemea gari akila muhogo wa kuchoma. Alimpa kipande bila kuombwa. Alikuwa kijana mwenye uso mpole, dereva mzuri, na tabia ya kumaliza kesi kabla haijaanza.

"Huyu ndiye, mama," alisema. "Waligombana, kesho yake mmoja kafa, na maji anayaachia mwenyewe. Tunatafuta nini tena?"

"Tunatafuta kwa nini hasemi uongo," Romana alisema. "Mtu mwenye hatia angeshanipa sababu yoyote ya ule ugomvi. Huyu hana hata moja. Twende kwa mjane."

*

Barabara ya milimani ilikuwa kavu na imechimbika. Mikorosho ilibaki nyuma, ikafuata migomba na vilima vyenye nyumba moja moja. Nyumbani kwa Severini turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, na mtu alikuwa anasali rozari kwa sauti ya chini. Helena, mjane, alikuwa amekaa katikati ya shangazi zake, amejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

Romana alivua viatu akakaa mkekani, jambo lililomgharimu maumivu na pumzi. Hakutoa karatasi. Aliuliza habari za usiku, akauliza kama mtoto amekula, ndipo akashuka kwenye lililomleta.

"Siku ile, Helena, ulisikia king'ora?"

"Nilisikia."

Shangazi mmoja alimgeukia. "Watu wote wanasema hakikulia."

"Mimi nilikuwa namenya mihogo, shangazi. Kilipolia niliacha, nikasema maji hayo yanakuja, na Severini yuko mtoni. Sikuogopa. Kwani si yeye aliyekuwa anatufundisha kuogopa mto?" Alirekebisha kitenge. "Tena nilishangaa kwamba amekwenda. Aliondoka hapa akiniambia safari haipo."

"Safari ya wageni?"

"Ndiyo. Alisema anakwenda kumwambia bosi aiahirishe. Nikamuuliza kwa nini, akasema maji hayatoshi. Nikadhani ni mambo ya kiangazi. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na kazi zangu. Sikumuuliza tena."

"Alisema hayatoshi. Hakusema ni mengi mno?"

"Hayatoshi," Helena alisema. Kisha akamtazama Romana kwa mara ya kwanza, macho yamevimba. "Mama, alikufa hapo hapo? Au aliteseka?"

"Sijui bado," Romana alisema. Ilikuwa kweli, lakini daktari alikuwa ameahidi kumpigia kabla ya saa sita.

Ndugu wawili walimsaidia kunyanyuka. Wakati anavaa viatu, alimsikia kaka wa marehemu akimwambia Mudathiri kwamba Tomaso akiachiwa na polisi, wao watamalizana naye. Alilisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya shamba.

*

Dominick Makota aliwasubiri kando ya mto, amevaa kofia pana na fulana yenye nembo ya kampuni yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya kukaribisha wageni, ingawa siku ile sauti ilikuwa imekwaruza. Ghala lake dogo la mabati lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na boti mbili za mpira za rangi ya chungwa, makasia, helmeti zilizopangwa kwa ukubwa, na majaketi okozi yametundikwa kwenye misumari.

"Wageni wanakuja lini?" Romana aliuliza.

"Ijumaa. Sijawaambia wasije. Ni watu wa Dar, wameomba ruhusa kazini. Nimepata nahodha mwingine kutoka Arusha." Aliona uso wa Romana akaongeza, "Na tutasimama dakika moja kumkumbuka Severini. Hiyo niliipanga."

"Nieleze safari yenyewe. Mwanzo mpaka mwisho."

Hapo Dominick alichangamka kidogo. Wageni wangefika asubuhi na kunywa chai hapa juu. Severini angewavisha majaketi, angewafundisha kushika kasia, kukaa ubavuni mwa boti, na namna ya kuelea miguu mbele mtu akidondoka. Kisha wangeteremka kwa miguu hadi kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, mto ukiwa bado mkavu. Boti zingekuwa zinawangoja huko, juu ya mchanga. Wangeingia, wakae, watulie.

"Halafu king'ora kinalia," Dominick alisema, "na wanayaona maji yanakuja. Yanapanda juu ya mchanga, yanawanyanyua na boti zao, wanakwenda. Hakuna mahali pengine nchi hii utapata kitu kama hicho. Baada ya pale ni maporomoko ya Kinu, halafu ya Jino, halafu maji yanapoa mpaka kivukoni, wanakula samaki. Tuliijaribu safari hiyo mara mbili na Severini. Ilikwenda vizuri."

"Na juzi mlikuwa mnajaribu mara ya tatu."

"Tulikuwa tunaweka alama za mahali pa boti. Yeye alikuwa chini kwenye kisiwa, anachomeka vijiti. Mimi nilirudi hapa kuchukua pampu. Kufika hapa nageuka, maji haya hapa. Hakuna king'ora, hakuna nini. Yalimpiga kiunoni, yakafunika kisiwa chote, nikamwona anazama. Nilipiga kelele. Nilikimbia na gari mpaka kivukoni nikidhani nitamwahi huko."

Aliyasema yote bila kukwama. Ndivyo yalivyokuwa kwenye maelezo yake pia, karibu neno kwa neno.

"Umeshuka tena kisiwani tangu siku ile?"

"Ningeshukaje, afande? Moyo haunipi."

"Sisi tutashuka," Romana alisema. "Na wewe utatuonyesha aliposimama."

*

Hakuna askari aliyekuwa ameshuka kule. Waliokuja kwanza waliishia kivukoni, kwenye mwili, na kisiwa walionyeshwa kwa kidole kutoka juu ya ukingo. Romana hakuwalaumu. Njia ilikuwa ya mawe matupu, na nusu ya mteremko aliteremka akiwa amemshika Mudathiri bega, akijuta kwa sauti ndogo. Tangu juzi mamlaka ya bwawa ilikuwa imesimamisha kuachia maji mpaka uchunguzi uishe, kwa hiyo mto ulikuwa umelala: vidimbwi, mawe meupe, mchirizi mwembamba kwenye mkondo. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita.

Kisiwa kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani, mchanga mweupe, na pembeni yake upande wa mkondo matete yameota kwa msongamano. Romana alisimama akatweta. Kisha akaanza kutembea, akitazama chini.

Vijiti vilikuwepo. Vilikuwa vya mianzi, vimefungwa vitambaa vyekundu, vimesimama wima katika mistari miwili kuonyesha mahali pa boti ya kwanza na ya pili. Karibu na kimoja kulikuwa na mafiga matatu yenye majivu katikati. Aliinama akayagusa. Majivu yalikuwa mepesi, yakapeperuka.

"Chai mliyopika ni ya siku gani?" aliuliza.

Dominick alikuwa amebaki nyuma. "Asubuhi ile ile. Kabla ya—"

Romana alikwenda kwenye matete. Alitumia muda mrefu pale, mpaka Mudathiri akamfuata.

"Unaona nini, mama?"

"Wewe niambie unachokiona."

Mudathiri alichutama. Kwenye mabua ya matete kulikuwa na mstari: majani makavu, vijiti, povu lililokauka likawa kahawia, vyote vimenasa kwa usawa mmoja kama pindo la nguo. Chini ya mstari ule matete yalikuwa na tope. Juu yake yalikuwa safi, yana vumbi. Sajenti alitazama mstari, akageuka akatazama mchanga, na mchanga ulikuwa juu ya mstari kwa kimo cha goti.

"Maji hayakufika," alisema polepole. "Yaliishia hapa."

"Na tangu siku ile maji hayajafunguliwa tena. Kwa hiyo hii ndiyo alama ya siku ile." Romana alijifuta jasho. "Panda juu utafute mtandao. Piga kituoni, wampe Tomaso simu. Mwulize siku ile alifungua malango mangapi. Mwambie nimesimama kwenye mchanga na nimeona maji yalipoishia. Mwambie asihofu mtu yeyote, mimi ndiye ninayemuuliza."

Mudathiri alipanda. Romana alikaa juu ya jiwe na kumwacha Dominick asimame. Jua lilikuwa kali. Simu yake yeye, isiyo na mtandao mle bondeni, ilikuwa na ujumbe mmoja wa daktari aliouona walipokuwa bado juu, nao alikuwa ameusoma mara mbili.

Sajenti aliporudi alikuwa anahema.

"Lango moja," alisema. "La pili limekwama tangu wiki iliyopita. Mkubwa wake alimwambia asilitamke kwa mtu mpaka mafundi waje, au kazi hana. Severini aligundua kwa kuutazama mto. Ndiyo maana waligombana. Alimtaka Tomaso awaambie watu waziwazi, kwamba kwa maji ya lango moja mawe ya Jino yatakuwa wazi na boti itapasuliwa na wageni ndani. Tomaso akakataa. Amelia kwenye simu, mama."

"Ahsante, Sajenti."

Alimgeukia Dominick. Hakunyanyuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kulala.

"Bwana Makota, wewe hukuyaona maji ya siku ile."

"Niliyaona. Nimekueleza."

"Umenieleza maji ya malango mawili. Hayo uliyaona mlipojaribu mwanzo. Ya juzi yalipita hapa chini, kwenye matete. Hayakumpiga mtu kiunoni. Hayakufunika kisiwa. Hata majivu yenu hayakuyagusa. Ungekuwa umesimama pale juu unatazama, ungelijua hilo. Yalipofika wewe ulikuwa umeshaondoka."

Dominick alivua kofia, akaivaa tena.

"Severini alikuja kukwambia uahirishe," Romana aliendelea. "Alikwambia maji hayatafika hapa. Kweli si kweli?"

"Kila siku alikuwa na sababu," Dominick alisema. "Mara helmeti, mara kamba, mara maji. Nilidhani ananichelewesha tu. Watu wameshajiandaa, magazeti nimeshayaita, yeye ananiambia lango. Nikamwuliza nani kakwambia, akasema mto. Mto ndio umemwambia." Alicheka kidogo, bila furaha. "Sikumwamini."

"Ndiyo maana ulitunga maji yanayofunika kisiwa. Ungemwamini, ungetunga kitu kingine."

Mudathiri alisogea taratibu akasimama upande wa njia. Hakukuwa na haja. Dominick alikuwa amekaa mchangani mwenyewe.

"Tulisukumana," alisema. "Alitaka kung'oa vijiti. Nikamshika, akanitupa, nikamsukuma. Akaanguka kinyumenyume pale, kwenye mawe ya mkondo. Sikukusudia, afande. Naapa sikukusudia. Nilishuka nikamtikisa. Damu ilikuwa inatoka nyuma ya kichwa, hapumui. Halafu king'ora kikalia."

"Kwa hiyo kililia."

"Kililia."

"Na ukamwacha pale chini."

"Alikuwa ameshakufa. Ningefanya nini? Nilisema maji yatakuja, yatamchukua, itaonekana ajali. Mtu ameshakufa, afande."

Romana alitoa simu, akafungua ujumbe wa daktari, akamsogezea. Dominick aliusoma. Akarudi mwanzo akausoma tena, midomo ikicheza.

"Maana yake nini, maji na mchanga kwenye mapafu?"

"Maana yake alikuwa anapumua maji yalipomfikia."

Ndege fulani alipiga kelele kwenye matete akanyamaza. Dominick alitazama ukingo, mahali gari lake lilipokuwa limeegeshwa siku ile. Kutoka kwenye mawe ya mkondo mpaka pale hapakuwa mbali. Watu wawili wangembeba mgonjwa bila taabu. Hata mmoja, akijikaza.

"Nilikuwa na muda," alisema. "Baada ya king'ora kuna muda."

"Ulikuwa nao," Romana alisema. "Mfunge pingu, Sajenti. Msomee haki zake kabla hatujapanda, asije akasema hakusomewa."

*

Alirudi kwa Helena mchana ule ule, peke yake, kwa sababu hakutaka habari ile impate kwenye redio au kwa jirani. Mudathiri alikuwa ametangulia Kilwa Masoko na mtuhumiwa. Turubai lilikuwa palepale, watu wamepungua, sufuria kubwa zinasuguliwa kwa majivu nyuma ya nyumba. Safari hii aliomba kigoda.

Aliwaita na ndugu wa kiume, akawaambia wote kwa pamoja: nani, wapi, kwa nini. Kaka wa marehemu alianza kuuliza kuhusu Tomaso, akasita. Alitazama chini. Shangazi aliyebisha asubuhi alianza kulia upya, na wengine wakamfuata.

Helena hakulia. Alingoja wanyamaze.

"Asubuhi nilikuuliza swali, mama."

"Uliniuliza."

Romana angeweza kusema sijui kwa mara nyingine. Lakini mahakamani daktari angesimama akalisema mbele ya watu, na Helena angekuwa amekaa benchi la mbele.

"Hakufa hapo hapo," alisema. "Alizirai. Maji ndiyo yaliyomuua. Daktari anasema huenda hakuamka, hakujua. Lakini alikuwa hai."

Helena alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabiwa kitu asichokitaka. Alivuta kitenge kikamfunika uso, akakaa hivyo, na wanawake wakamsogelea bila kumgusa. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa imeishiwa.

"Tomaso mmemwachia?"

"Anatoka jioni. Anaogopa kurudi nyumbani. Madirisha yake hayapo."

Helena alimgeukia shemeji yake, yule kaka wa marehemu. Yule mwanaume hakuthubutu kumtazama.

"Chukua pikipiki ukamngoje kituoni," alimwambia. "Usimwache aje peke yake njiani. Mlete hapa, akae na sisi mpaka tumalize matanga. Wakimwona amekaa hapa, hakuna atakayeokota jiwe."

Shemeji alisimama muda mrefu akitafuta funguo kwenye mifuko ambayo ameshaipapasa. Kisha akawasha pikipiki. Romana alibaki kwenye kigoda, amenyoosha mguu mmoja, na mtu akamletea sahani ya ugali na maharage. Alikula vyote.